Kopo la Samli na Vibibi Kumi na Saba

Enzi zetu sie tuliokuja Muscat wadogo, joto halikuwa na namba. Leo mjukuu wangu Shadha anaamka, anatazama simu, anakuja kunambia, "Bibi, leo arubaini na nne," kama vile mie nimelala kwenye friji. Sisi joto tukilijua kwa nyayo. Ukitoka pekupeku saa nne ya asubuhi kwenda mferejini, ukarudi unarukaruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, basi kiangazi kishaingia, na hakuna aliyengoja kutangaziwa.

Haya nayasema kwa mdomo, anayeandika ni huyohuyo Shadha, maana mie kalamu nilishikishwa siku tatu tu maishani mwangu. Tulipokuja kutoka Unguja nikapelekwa skuli. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, cha kuombea maji ya kunywa nilikuwa sina. Wakanitia na watoto wa kuanza, nimewapita mabega. Siku ya tatu mwalimu akanitaka nisimame mbele nilie kama bata. Nikatoka, sikurudi, na bata yule sijamsamehe mpaka leo. Kwa hiyo mkiona kosa humu ni la Shadha, mkiona utamu ni wangu. Usifute hiyo, mwanangu, iandike hivyohivyo.

Kilichonikumbusha yote haya ni kazi yake ya skuli. Juzi kaja na tableti yake, kakaa kitandani kwangu bila ya kuvua viatu, anasema kaambiwa akaeleze darasani namna kibibi anavyovuka majira ya baridi. Kibibi mnamjua, wenzangu. Yule mdudu mwekundu, mviringo, mdogo kama punje ya kunde, ana madoa meusi mgongoni kama kajifunika kanga. Mpandishe kidoleni, atapanda mpaka kwenye ukucha, pale atafungua kanga yake na kuruka. Tulipokuwa wadogo tukisema anakoelekea ndiko atakakotoka mgeni. Siku moja wa kwangu aliruka akaniingia puani, na kweli, mgeni hakuja.

Basi Shadha akanisomea, na sauti kaitia pua kama wale watangazaji wa habari: "Katika majira ya baridi mdudu huyu hujificha chini ya majani makavu na ndani ya nyufa za magome. Hukusanyika wengi pamoja. Hali chakula, huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini, mpaka joto litakaporejea." Na picha imo: theluji imejaa, mti hauna hata jani, na chini ya gome vibibi wamebanana.

Nikamuuliza theluji hiyo imeanguka hapa Bawshar kwetu mtaa gani.

Akacheka mpaka tableti ikamtoka. Nikamwambia, mwalimu wako mwache na theluji yake, huko kwenye theluji atakuwa kasema kweli. Lakini kibibi wa hapa kwetu ni kama watu wa hapa kwetu. Baridi ndiyo anatoka kutembea. Si unawaona watu wa Muscat, ikifika Disemba kila familia ina mkeka na birika la kahawa, wamejaa ufukweni na mabondeni utadhani wametimuliwa majumbani. Na kibibi ndivyo. Huku kwetu halali baridi, hulala joto.

"Umejuaje, Bibi?" akaniuliza. Na sauti ile ya mtangazaji ilikuwa imekwisha. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Sasa, wiki hiyohiyo mwanangu Salim, baba yake Shadha, alikuwa kaniletea habari yake nyingine. Nyuma ya jiko letu pana pembe moja ya udongo, ukubwa wake mikeka mitatu, ina mndimu mmoja na takataka zangu za majani makavu. Kwengine kote uani kushapigwa vigae. Salim kanijia na kanzu yake imenyooka, funguo za gari zinamlialia mkononi, anazungumza nami kama anazungumza na wageni wa wizara: "Mama, inshallah Jumamosi fundi anakuja. Tunamalizia vigae mpaka ukutani, halafu juu tunatandika majani ya plastiki. Safi, hayana wadudu, unayamwagia maji tu, khalas." Majani ya plastiki yanamwagiwa maji ili yaote nini, sikumuuliza. Nilimwambia pembe ile isiguswe. Akasema, "Tayyib, Mama," haya ile ya mtoto aliyekwisha kumpigia fundi simu.

Kwa hiyo jibu la swali la Shadha na jibu la Salim ni moja, na liko mbali kidogo. Vumilieni.

Tulishuka hapa wakati wa baridi, mie nna miaka tisa hivi. Baridi ya Muscat watu wa Ulaya wanakuja kuotea jua, sie wa kutoka Unguja ilitutetemesha meno. Mama alinivisha magauni matatu kwa pamoja, nikitembea kama mto wa usufi. Baba alikuwa kapata kazi bandarini Matrah, pale ambapo sasa zinatia nanga zile meli za watalii kubwa kama majumba, akija nyumbani Alkhamisi jioni na kuondoka Ijumaa. Sisi akatuweka hapahapa Bawshar kwa mama yake. Hapa mnapoona maduka makubwa na magari yamejipanga kama siafu, palikuwa na mitende, na vishamba vya birsim, yale majani ya kulisha mbuzi, na mfereji wa maji ukipita katikati unasemasema peke yake. Nyumba ya udongo, juu sakafu ya kulalia, uani mtungi wa maji unaning'inia kwenye kivuli unadondoka tone, tone, tone. Yale maji mpaka leo sijayapata katika chupa yoyote.

Mama yake baba tulimwita Habuba, ndivyo waitwavyo mabibi huku. Mwembamba, mrefu, uso ndani ya barakoa, huoni ila macho na ncha ya kidevu. Hajui neno la Kiswahili. Mama naye Kiarabu chake ni salamu na dua. Wakikaa pamoja wawili, kila mmoja na tasbihi yake, wakitabasamiana kama watu waliokutana barazani kwa daktari. Siku ya mwanzo waliyopatana ni mama alipopika mandazi ya iliki. Habuba alikula saba, akaichukua sahani akaenda nayo chumbani kwake.

Mie Habuba hakuwahi kuniita jina. Jina langu Zuwena, na si jina gumu, nusu ya wanawake wa Oman wanaitwa Zuwena. Yeye akiniita "ya bint", ewe msichana, basi. Ya bint lete maji, ya bint ondosha mbuzi. Mbuzi wake walikuwa na majina. Kila nikilala nikijiuliza nifanye nini niitwe kama mbuzi.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ni fagio. Mnaujua, wenzangu, na nyinyi mama zenu walikuwa nao. Kwetu Unguja hutoi salamu kwa jirani kabla uwanja haujafagiwa. Fagio la chelewa, umeinama, mkono mmoja mgongoni, unarudi nyumanyuma mpaka udongo unabaki na mistari kama kichwa kilichotoka kusukwa. Uwanja usiofagiwa maana yake mna maiti ndani au mna mwanamke mvivu. Sasa tumefika kwa Habuba, uwanja mzuri, lakini kwenye pembe, chini ya mndimu wake na mitende mitatu, kumejaa majani makavu mpaka kwenye goti, na vilifu, vile vitambaa vya nyuzinyuzi vinavyovaa shina la mtende, vimeanguka vikarundikana. Siku ya pili tu mama akashika fagio. Habuba akatoka, akanyoosha kidole kwenye pembe, akasema, "La." Hiyo la tuliielewa wote.

Lakini hakusema kwa nini. Mama akaiweka moyoni. Kila tukikoga mferejini ananinong'oneza, na mie ukubwani nikimwigiza mbele ya mashoga zangu mpaka wanaanguka kwa kicheko, midomo kaikunja hivi: "Wee tazama. Wapita njia wanaona nini? Watasema mwanawe kaenda Unguja kaoa jaa."

Mndimu wenyewe Habuba aliupanda mwaka aliozaliwa baba. Baba alipoondoka kijana kwenda Unguja, akakaa miaka na miaka bila ya kurudi, Habuba kila alfajiri alikuwa akiuzunguka mti ule akiutazama jani kwa jani. Haya baba alitueleza mwenyewe, mara moja tu, halafu akaomba kahawa.

Baridi ile mti ulikuwa umejaa vibibi. Nikiwahesabu, nikiwapandisha kidoleni, nikiwatazama wakitafuna vichawa vya kijani majanini, ndio waliokuwa rafiki zangu wa mwanzo Muscat maana hawakuzungumza Kiarabu. Joto lilipoanza kupanda wakaanza kupungua. Leo kumi, kesho watano, kesho kutwa hakuna. Nikawatafuta kwenye birsim, hakuna. Nikamuuliza mama wamekwenda wapi, akasema wamekwenda zao kwa watu wenye akili, huku kuna joto.

Ikatokea msiba Amerat, kule nyuma ya milima. Siku hizo hapakuwa na barabara hii ya kupanda na kushuka dakika kumi. Habuba akapakiwa kwenye gari la mizigo pamoja na wanawake wengine, atalala huko siku mbili. Gari halijapotea machoni, mama ana fagio mkononi. Akanambia, "Mwanangu, akirudi akute uwanja umekaa kama sahani. Pembe ile ifagie wewe, ajue ana mjukuu wa kike."

Wenzangu, nilifagia. Sijafagia vile tena. Nikijiona nshaitwa Zuwena, nshatiwa pete. Nilikusanya majani, nikang'oa vilifu vilivyolegea kwenye mashina, nikarundika, mama akatia moto. Nikawa naleta marobota mengine natupia. Katika robota la mwisho nikafunua kilifu kimoja, ndani yake nikaona kama komamanga limepasuliwa. Punje nyekundu tupu, zimebanana, zinameta. Nikasogeza jicho. Vibibi. Mamia. Wote wamekunja miguu, hatikisiki hata mmoja. Nikasema masikini, kumbe walikuja kufa huku. Nikakitupa kilifu motoni.

Joto lilipowafika wakaamka.

Sitaeleza zaidi. Walikuwa hai, walikuwa wamelala tu, na mie niliwaona wakitembea kuelekea ukingoni na wachache ndio waliofika. Nikaingiza mkono, nikachota nilichoweza. Alama hii hapa chini ya kidole gumba watoto wangu wote wameniuliza, nikawaambia ni ya chapati. Mama yuko upande wa pili anafagia, hakuona. Nikawatia kwenye kopo tupu la samli, nikakitoboa kifuniko kwa msumari, nikalificha chini ya mtungi wa maji pale penye kivuli na unyevu. Pale walipozoea kukaa mbu, na mie nikaiweka siri yangu.

Habuba aliporudi alisimama uani muda mrefu. Aliitazama mistari ya fagio, akautazama mndimu, akaniangalia mikono. Akaingia ndani. Mama akasema kwa furaha, "Umeona? Kanyamaza. Karidhika." Mie nikajua hakuridhika, lakini kuwa kajua nini, sikujua.

Kiangazi kile nikawa na kazi mbili: kuogopa na kuchungulia kopo. Watu wote wakilala adhuhuri, mie nafungua kifuniko. Niliwatilia sukari, hawakuigusa. Nikawatilia wali, tende, chembe ya halwa niliyoiiba kwenye sahani ya wageni. Hakuna. Maji sikuwapa, kopo lilikuwa likipata ubaridi wa mtungi tu. Nikimchukua mmoja nikamweka kiganjani, baada ya muda ananyoosha mguu mmoja, kama mzee anayeamshwa alfajiri, nikimrudisha anaukunja. Wakati mwingine wananitemea kijimaji cha manjano kichungu kinachonuka, nikanusa vidole kutwa. Na kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni hiki. Nikichukua kijiti nikawatenga, huyu huku, yule kule, kila mmoja na sehemu yake, nikifunua kesho yake nawakuta wamerudi pembe moja wamelala sako kwa bako. Kwenye kiza. Nani kamwita mwenzake, na kwa sauti gani?

Na sisi hatukuwa mbali nao. Joto lile tukilipitisha vilevile. Adhuhuri nyumba nzima imo katika chumba kimoja, kile chenye ukuta mnene, tumelala kwenye mkeka kichwa miguuni, mama, Habuba, mie, na jirani aliyekuja kuazima chumvi akashindwa kurudi kwake kwa jua. Usiku tunapanda juu, tunachovya mashuka kwenye maji tunajifunika, likikauka la mwenzio anakuvuta lako. Papa mkavu ananukia kila mahali, mbuzi wanakohoa chini. Habuba akikoroma barakoa inapanda na kushuka. Nililala karibu naye kiangazi kizima na sikumwambia.

Joto likaanza kuvunjika. Mndimu ukatoa majani mapya, na majani yale yakatoka yamejikunja kama masikio ya paka. Ukiyafunua, chini yamejaa chawa wa miti, wa kijani, wamepangana hakuna pa kuweka sindano. Wanatoa asali yao inanata, juu ya asali inaota masizi meusi, sisimizi wanapanda na kushuka kama wanaandaa harusi. Mama akasema hii husda, mti umetiwa jicho, akafukiza ubani. Chawa wakazidi kunenepa kwa ule ubani. Habuba akawa anatoka kila alfajiri na kitambaa kibichi, anafuta jani moja moja. Anafuta jani, anakohoa, anafuta jani. Upande mmoja wa mti ukaanza kukauka. Alkhamisi baba alipokuja alitazama, na Habuba akamwambia kitu kifupi, baba akamshika bega.

Nikajua mti ule ukifa, nimeuua mie niliyewachoma walaji wa chawa wale. Na mie nikimtazama Habuba nilikuwa naona si mti tu utakaokufa.

Alfajiri moja nikachukua kopo langu. Nilikuwa nimewaokoa kama arubaini. Nikafungua, nikalishika kidogo kwenye jua linalochomoza, nikawahesabu waliotikisika. Nilijua kuhesabu kwa vidole na vya miguu. Kumi na saba. Wengine walikuwa wepesi kama maganda. Nikaenda mtini nikiwaza nitawatia kimyakimya kabla mtu hajaamka. Habuba yuko palepale, na kitambaa chake.

Kiarabu changu kilikuwa kishatosha kwa kujitia matatani.

"Nini hicho?" akaniuliza.

"Kopo."

"Kopo naliona."

Nikalifungua. Na hapo maneno yakatoka yote, ya Kiarabu na ya Kiswahili, yamechanganyika na makamasi, kwamba mie ndiye niliyefagia, na walikuwa wamelala humo, na nimewachoma, na hawa ndio waliobaki. Nikamwonyesha na ile alama ya moto mkononi. Nikangoja kofi.

Habuba akaipandisha barakoa yake juu ya paji la uso ili aone vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake wote. Kumbe anafanana na baba, pua ileile. Akaliinamia kopo, akachungulia, na macho yake yakawa ya mtoto.

"Wamekula nini humu?"

"Hawakula."

"Maji?"

"Hawakunywa."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokwenda msibani."

Akakaa chini, palepale kwenye udongo, yeye ambaye hakai bila ya mkeka. Akawatazama tena. Kibibi mmoja akampanda kidole, akamwacha apande. Akasema polepole, ili nimwelewe, "Mie nilipoolewa hapa nilifagia pembe hii. Mama wa mume wangu alinichapa kwa kuti. Hakunambia kwa nini. Na mie nikamkataza mama yako, sikumwambia kwa nini. Kwa sababu sijui. Hakuna aliyejua. Tunaambiwa tu, usifagie mpaka joto lipite."

Halafu akacheka. Kicheko chake kilikuwa kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Watie wewe, Zuwena," akasema. "Wanakujua."

Niliwatia mmoja mmoja penye majani yaliyojikunja. Mmoja akaruka zake kwenye birsim ya jirani, hakuaga. Kumi na sita wakabaki, na nyinyi mngeona walivyokula. Mtu aliyefunga miezi yote ile, umfungulie mlango wa jiko. Baada ya siku chache kukatokea vidudu vingine, virefu virefu, vyeusi, vina madoa ya rangi ya chungwa, sura mbaya kabisa. Mama akavua kandambili. Habuba aliukamata mkono wake hewani na kusema la, lakini safari hii akakaa naye chini ya mti akamwonyesha kwa kidole, huyu anakula chawa, mwangalie, huyu mtoto wa yule. Mama anatazama, kandambili mkononi, anasema, "Mtoto wa yule? Na ubaya huu? Basi kamtokea baba yake." Nikamfasiria Habuba. Walicheka pamoja mara ya kwanza, na mie nikakaa katikati yao.

Mti haukupona wote, nisiwadanganye. Upande mmoja baba aliukata. Uliobaki ulizaa mwaka uliofuata, ndimu ndogo, kali, Habuba akazianika juu ya nyumba mpaka zikawa nyeusi, nyingine akazitia kwenye mchuzi wa papa wa mama. Na fagio la mama likaendelea kila alfajiri, uwanja mzima unachanwa, mistari inakwenda inakwenda, ikifika kwenye pembe ya mndimu inasimama. Pale pana mpaka ulionyooka kama uliopigwa rula. Wageni wakiuliza, mama anajibu kwa Kiarabu chake kibovu na kidevu kakiinua: "Hapo wamelala watu."

Mndimu wa nyuma ya jiko letu umetoka kwenye mbegu ya mti ule.

Nilipomaliza kumsimulia, Shadha alikuwa keshavua viatu. Akanivuta mkono, twende tukatazame sasa hivi. Nikamwita Neema, msichana wetu wa kazi, mtu wa Dodoma, aniletee kijiko. Huyu Neema pembe ile inamkosesha usingizi, kila siku ananambia kwa Kiswahili chake cha bara, "Bibi, hii takataka si niitoe tu? Bosi akija ataniuliza mimi." Nikamwambia leo utaona takataka. Shadha akapiga magoti, akainua majani kwa kijiko, polepole kama anafunua mtoto aliyelala. Hakuna. Akainua tena karibu na shina. Hakuna. Nikaanza kuona haya, nimesimulia hadithi yote hii, kumbe humu mna sisimizi tu. Kisha Neema akafunua kipande cha kilifu nilichokileta kutoka kwa shoga yangu mwenye mitende, akasema, "Bibi, hawa hapa."

Tisa. Si mamia. Wamebanana pembe moja, hawali, hawanywi, hawana habari na sie. Shadha akawahesabu mara tatu. Hakupiga picha, na hilo ndilo lililonishangaza kuliko wadudu.

Jumamosi Salim kaja na fundi, na utepe wa kupimia. Nikamwita pembeni. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi, sauti yangu ya ugomvi nishaisafisha. Shadha akanitangulia, akakifunua kile kilifu, akamweleza baba yake yote kwa pumzi moja, kopo, moto, Habuba, kandambili. Salim akachuchumaa na kanzu yake nyeupe kwenye vumbi. Akatazama, akatazama. Kisha akaninyanyulia macho, na nikaiona ile pua ya Habuba.

"Mama," akasema, "miaka yote unanikataza nisiguse hapa. Mbona hukunambia kwa nini?"

Nimeishi miaka yote hii nikimcheka mama wa mume wa Habuba na kuti lake.

Fundi akaambiwa vigae viishie pale, na akapiga mstari ulionyooka.

Shadha kaenda kusema darasani kwamba kwenye theluji wanalala baridi na Bawshar wanalala joto. Mwalimu, kwa nilivyosimuliwa, kauliza amesoma kitabu gani. Kajibu, kopo la samli.

Nyumba yetu ina vyumba saba. Saa za adhuhuri joto likikaza kila mtu yumo chumbani mwake, mlango kaufunga, na baridi yake ya mashine, na simu yake. Huwezi kusikia mtu akikoroma. Hakuna anayekuja kuazima chumvi. Mie nisiyesoma nakaa nawaza, vibibi nikiwatenga kwa kijiti kila siku wakarudi pamoja kwenye kiza, na sie hakuna aliyetutenga kwa kijiti.

Mkeka wangu ninao, nimeutandika chini. Shadha anaandika haya amelala juu yake, miguu yake iko usoni kwangu, na ananambia, "Bibi, sogea, umechukua pahala pote."